Maiti wa Kibanda cha Chumvi

Jumatatu, 3 Agosti 1998

Siku ya kuandikwa kwa wino mzito! Asubuhi ya leo Mkurugenzi Sugitani ametangaza, mbele ya wafanyakazi wote wa Jumba la Kumbukumbu la Filamu la Komoura (yaani mbele yangu, mbele ya Bi Orito na mbele ya feni), kwamba nafasi ya Mhifadhi Msaidizi itajazwa mwezi huu. Nafasi moja. Ya kudumu! Ataipata yule atakayetoa mhadhara bora Ijumaa ya tarehe 14, mkesha wa onyesho la kila mwaka la *Kibanda cha Chumvi*, filamu ya kutisha iliyopigwa katika mji huu mwaka 1956. Bila filamu hiyo jumba hili lingekuwa bado ghala la dagaa.

Washindani ni wawili. Mimi, Inokuma Kiyonori, umri miaka ishirini na minne, shahada ya fasihi ya kale, tasnifu ya kurasa mia mbili na kumi juu ya safari za kuzimu. Na Bi Orito Chizuru, mzaliwa wa hapa, mkata tiketi, ambaye pia huendesha projekta. Hana shahada. Ana projekta.

Nikishindwa, mkataba wangu wa muda unakwisha tarehe 31 na ninarudi Okayama, kwenye kiwanda cha miswaki cha mjomba. Mjomba ameshanitengea meza. Mama ameniandikia kunifariji kwamba meza yenyewe iko dirishani. Sitaki dirisha!

Kikwazo ni kimoja, nacho ninakiungama hapa tu. Filamu yenyewe sijaitazama. Nimetazama dakika kumi na moja za kwanza, mara sita, kwa makini makubwa. Mke wa mchemsha chumvi anachana nywele peke yake. Jino la kitana linakatika. Tunda la pichi limewekwa rafuni. Mume yuko vitani, mwaka wa saba sasa. Kisha mlango unabishwa. Hapo, kila mara, mimi hupatwa na haja ya kutoka nje. Si woga. Ni tumbo.

Katika usaili wa Aprili nilisema nimeitazama mara kumi. Watu wa Komoura wana mwiko wao: mgeni haambiwi kamwe mwisho wa *Kibanda cha Chumvi*. Na anayeujua hana haja ya kuambiwa. Mimi nimeangukia katikati.

Lakini je, mwanachuoni anahitaji macho? Anahitaji mbinu!

Jumanne, 4 Agosti

Nimepata mbinu. Nimeipata ghalani, saa tatu na robo asubuhi, nyuma ya mabango yaliyoliwa na nondo.

Kwanza nadharia. Kitana kilichokatika jino, pichi, mke, mume aliye mbali. Ni nani asiyeona? Ni kisa kikongwe kuliko vyote vya nchi yetu! Mungu wa kwanza anamfuata mkewe kuzimu. Mke anamwambia asimtazame. Mume anavunja jino la kitana chake, analiwasha kama mwenge, anatazama. Anaona mabuu. Anatimua mbio, nyuma yake anafukuzwa na majike ya kuzimu, naye anayarushia mapichi hadi yarudi, kisha anaziba njia kwa jabali. Mlango wenyewe wa kuzimu uko mkoa huuhuu wa Shimane, mwendo wa basi kutoka hapa! Aidha, katika hadithi zetu za kale askari hurudi kutoka vitani, mke humpokea, humlisha, humlaza. Asubuhi mume huamka juu ya kaburi. Kwa hiyo mke wa *Kibanda cha Chumvi* ni maiti tangu mwanzo. Lazima. Fasihi yote inadai hivyo.

Kilichobaki ni ushahidi. Ndipo nikafungua sanduku la biskuti na kukuta negativu kubwa ya picha iliyopigwa wakati wa kuigiza. Nikaiinua kwenye mwanga. Watu wawili wamekaa, mwanamke na mwanamume, katikati yao sinia la chakula. Zaidi ya hapo sikung'amua kitu. Negativu humfanya kila mtu aonekane mzimu, nami nikaishusha upesi.

Nikaipeleka mbio kwa Bwana Kizaki wa duka la picha. Nikamwamuru aisafishe kwa ukubwa wa mlango, na kwa siri. Akauliza ni upande upi ulale kwenye karatasi. Nikamjibu, bila kusita, kwamba ni upande unaong'aa. Akaniangalia juu ya miwani. "Profesa, una hakika? Mimi kazi hii naifanya tangu baba yako hajaoa." Sikupenda lile neno Profesa, jinsi alivyolivuta. Nikachukua penseli nyekundu nikaandika kwenye bahasha: UPANDE UNAONG'AA. AMRI YA JUMBA LA KUMBUKUMBU. Akasema haya, mteja ndiye mfalme, akaingia gizani mwake huku akipiga mluzi.

Mtu lazima awe na msimamo.

Jumatano, 5 Agosti

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Picha imetoka. Niliifungua chumbani kwangu nikiwa nimefumba jicho moja, kisha nikafumbua yote mawili, kisha nikaruka hadi Bi Toyo, mwenye nyumba, akagonga dari kwa mpini wa ufagio kutoka chini.

Mke amefungwa kimono ubavu wa kulia juu ya kushoto! Narudia, ewe shajara: kulia juu! Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba walio hai hufunga kushoto juu, na kwamba ni maiti peke yake anayefungwa kinyume kabla ya kuingizwa jenezani. Na mume? Kushoto juu, kama mimi, kama Mkurugenzi. Mume hai, mke maiti. Imeonekana wazi, kwa ukubwa wa mlango!

Si hayo tu. Kando ya goti la mke kuna mtungi wenye herufi ya chumvi. Herufi imeandikwa kinyumenyume! Nilikaa nusu saa nikiitazama kwa furaha. Chumvi ndiyo tunayojinyunyizia tukitoka mazikoni. Na penye msiba mambo yote hugeuzwa: pazia la kukunja husimamishwa kichwa chini, maji ya moto humiminwa juu ya maji baridi badala ya baridi juu ya moto. Mwongozaji gwiji amegeuza hata herufi! Kwa miaka arubaini na miwili hakuna aliyeliona hili. Alikuwa akiningoja mimi.

Bi Toyo alipanda ngazi kuuliza kama nimeumwa na tandu. Nikafunika picha kwa shuka upesi. Nikamwambia ni furaha ya kitaaluma. Akasema basi furaha hiyo ishuke ikale, ngisi anapoa.

Alhamisi, 6 Agosti

Bi Orito ananitia wasiwasi. Leo amenong'ona na Mkurugenzi kwa dakika nne nzima. Nimeamua kumpoteza njia.

Mbinu: nimeandika kurasa tatu za muhtasari wa uongo, "Dhima ya Samaki katika *Kibanda cha Chumvi*", nikaziacha kana kwamba nimezisahau kwenye dirisha la tiketi. Atazisoma. Atadhani mhadhara wangu ni wa samaki. Atatumia wiki nzima kujiandaa kunipinga juu ya samaki. Nami nitaibuka na maiti!

Nililala kidogo mchana kwa kuchoshwa na werevu.

Ijumaa, 7 Agosti

Kurasa zangu nimezikuta mezani, zimepangwa vizuri, zimebanwa na pini. Pembeni, kwa penseli, Bi Orito ameongeza mahali kumi na nne panapoonekana samaki, na dakika ya kila mmoja. "Dakika ya 52 si bangala, ni kambare bahari, baba yangu ndiye aliyemvua. Nakutakia heri." Chini ameandika kwamba kanda ya video iko huru jioni, na kwamba kama ningependa tuitazame pamoja angefurahi, kwani kutazama na mtu wa fasihi kungemfungua macho.

Mtego ulioje! Nikamshukuru kwa kuinama hadi kiunoni, nikamjulisha kwamba mimi filamu ninaitazama kwa ndani. Akauliza kwa ndani ni vipi. Nikasema ni istilahi. Akaniuliza tena, taratibu, kama nimeshaufika mwisho. "Maana ukiwa hujaufika, Bwana Inokuma, si aibu. Mimi mara ya kwanza nilimwaga supu kwenye mapaja ya shangazi." Nikacheka kicheko cha mtu aliyeufika mwisho mara kumi. Kilitoka kirefu kuliko nilivyokusudia.

Mhadhara wake nimeuona umeandikwa ubaoni: "Mambo Niliyoyaona Chumba cha Projekta". Maskini. Hakuna hata neno "uhakiki".

Jumapili, 9 Agosti

Kwa ajili ya uaminifu wa kisomi, nilijaribu kutazama tena, chumbani kwangu, kwa ile kanda ya video. Mchana peupe, madirisha wazi, redio ya jirani inatangaza besiboli. Dakika ya kumi na moja, mlango ukabishwa. Wakati huohuo Bi Toyo akabisha wangu.

Sitaandika nilichofanya. Kikombe cha chai kimevunjika.

Alikuwa ameniletea tikiti maji. Aliona mke wa filamu amesimama kwenye skrini, akakaa mkekani bila kukaribishwa, akasema maskini binti yule, alikuwa na shingo nyembamba, kola ilikuwa haikai. Akataka kunisimulia mambo ya mwaka ule, jinsi watu wa sinema walivyojaa mjini na yeye mwenyewe akaajiriwa nao kiangazi kizima. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba utafiti wangu uko katika ngazi ya nadharia. Nilikisia alikuwa akiwapikia. Akanitazama kidogo, akachukua sahani, akasema, "Haya mwanangu. Mbegu usiteme dirishani."

Wazee wana mapenzi ya kweli na mji wao. Nitamtaja kwenye shukrani, kwa ujumla.

Jumanne, 11 Agosti

Mazoezi. Nimeazima kimono cha kiangazi cha marehemu mume wa Bi Toyo; kinanipwaya lakini kinanipa uzito. Nikasimama mbele ya kioo kirefu na kutoa mhadhara wote, dakika thelathini na tano, pamoja na mahali pa kutua ili watu washangae.

Jambo la kuchekesha: katikati ya mazoezi nikajiona kiooni nimefungwa kulia juu ya kushoto! Kama maiti! Nilishtuka hadi nikashika kifua. Nikajikagua: la, nimefunga sawasawa, kushoto juu. Ni kioo tu, kioo hugeuza. Nilicheka peke yangu. Kisha nikarudi kwenye sehemu ya herufi iliyogeuka na kuirudia mara tatu, kwa kuwa ndipo ushahidi wangu ulipo na nguvu kuliko kote.

Mama amepiga simu. Mjomba anauliza kama nitapenda kiti cha magurudumu manne au matano. Nimemwambia mama kwamba Ijumaa ataambiwa habari itakayomliza. Akasema tayari analia.

Alhamisi, 13 Agosti

Leo wafu wanarudi majumbani, kama ilivyo desturi yetu kila Agosti. Bi Toyo amechongea tango miguu ya vijiti, farasi wa kumleta mumewe haraka, na bilinganya, ng'ombe wa kumrudisha polepole. Tukawasha moto mdogo mlangoni. Akamwambia mumewe asishangae, kijana huyu amevaa kimono chako kwa ruhusa.

Mkurugenzi Sugitani ametaka kichwa cha mhadhara. Nikampa: "Mke Aliyekufa: Uvumbuzi". Akakisoma mara mbili, nyusi zikapanda. Akauliza kama nina maana ya mke, mke hasa. Nikasema mke hasa. Akasema ni kichwa cha kijasiri mno, kwamba hakuwahi kuona mtu akijaribu upande huo, na kwamba anangojea kwa hamu kuona nitatokaje. Kijasiri mno! Akaenda akikuna kidevu. Amevutiwa!

Nimeagiza kadi za jina. *Inokuma Kiyonori, Mhifadhi Msaidizi.* Hamsini tu, kwa kuanzia.

Ijumaa, 14 Agosti

Nitaandika kwa utulivu. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa kumi alasiri. Watu mia na thelathini, wengine wamesimama. Wavuvi wamekuja na kandambili zao, wake zao na vipepeo vya mkono. Wageni wachache kutoka mjini Matsue. Bwana Kizaki wa picha mstari wa pili, bahasha ndefu magotini. Bi Toyo mstari wa mbele kabisa, kwa kuwa ni mwenye nyumba wangu na nilimwekea kiti kwa heshima.

Dakika ishirini za kwanza zilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kuonja. Nikawapa mungu na mkewe, mwenge wa jino la kitana, majike ya kuzimu, mapichi, jabali. Wakanisikiliza kimya. Mvuvi mmoja mwenye shingo nene alisahau kujipepea. Nikawaonyesha kwamba kitana cha mke wa mchemsha chumvi ndicho kilekile, pichi ndilo lilelile. Wakaitikia kwa vichwa. Hata Bi Orito, aliyesimama ukutani akingoja zamu yake, alikuwa akiandika upesiupesi! Niliona miswaki yote ya Okayama ikizama baharini.

Ndipo nikavuta shuka.

"Mabibi na mabwana!" nikapaza sauti. "Kwa miaka arubaini na miwili mmemtazama maiti, nanyi mmemwita mke!"

Nikatua, kama nilivyofanya mazoezi, ili washangae.

Mstari wa nyuma nikasikia: "Kasema nani?" "Kasema mke." "Mke ndiye maiti?" "Ndivyo alivyosema." "Ngoja kwanza, labda anatania, wasomi huwa hivyo." Halafu mtu akacheka kwa pua. Halafu mwingine. Kicheko kikapita ukumbini kama upepo kwenye nguo zilizoanikwa, na mimi, Mungu anisamehe, nikadhani ni shangwe. Nikainama. Nikainama mara mbili!

Nikaendelea kuonyesha kwa fimbo: kimono kulia juu ya kushoto, tazameni! Herufi ya chumvi imegeuzwa, tazameni! Mvuvi mwenye shingo nene akaniuliza kwa upole kama sijambo.

Bi Toyo akasimama. Mwanamke mfupi, miaka sabini, na ukumbi wote ukanyamaza kuliko ulivyoninyamazia mimi.

"Wewe mtoto," akasema. "Miezi minne unalala kwangu. Samaki wangu umekula. Kimono cha mume wangu hicho umevaa. Na hukuniuliza hata siku moja kiangazi kile nilifanya kazi gani." Akainua mikono yake miwili, akaionyesha watu, si mimi. "Hawa wawili niliwavisha mimi. Kila asubuhi, siku arubaini na mbili. Binti nilimfunga kushoto juu, kama mtu. Mwanamume, mwongozaji alikuja akaninong'oneza: huyu mfunge kulia juu, na usimwambie mtu, hata yeye mwenyewe. Nikamfunga nikimzungumzisha habari za mvua asitambue. Siku ya onyesho la kwanza ndipo alipojua kwamba alikuwa maiti. Alikasirika, maskini. Akaniletea keki baadaye."

Watu wakapiga makofi. Si kwangu.

Nikasema, kwa sauti niliyoitafuta mbali, kwamba picha haisemi uongo. Bwana Kizaki akanyanyuka na bahasha yake. "Picha haisemi uongo, Profesa, ila ukiilaza kifudifudi inasema kinyume. Nilikuuliza. Una mwandiko wako mwekundu hapa, AMRI." Akaupitisha ukumbini, mkono kwa mkono. Kisha akakunjua picha ya pili aliyoisafisha siku ileile, upande wa kweli, kwa kuwa alijua, alisema, kwamba ningerudi nikilia, na akawa ananingoja kila siku.

Wakaitundika kando ya yangu. Mke: kushoto juu, hai kabisa. Mume: kulia juu. Herufi ya chumvi: inasomeka vizuri mno.

Nilitaka jabali la kuzibia njia. Halikuwepo.

Hapo Bi Orito akapanda jukwaani, zamu yake ilipofika. Akaweka karatasi zake chini. Akasema hatazisoma tena, kwa sababu Bwana Inokuma amempa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Akasema filamu ameitazama mara mia mbili na zaidi kupitia tundu la projekta, na siku zote alijua *nini* kinatokea, lakini hakujua ni jibu la nini. Sasa anajua. Katika kisa cha mungu, na katika hadithi zote za kale nilizozitaja, anayetazama ni mwanamume, anayeoza ni mwanamke, na anayetazama hukimbia. "Hii picha iliyopinduka," akasema, akigusa yangu, "ndiyo hadithi ya zamani. Na hii nyingine ndiyo filamu yetu. Mwongozaji alifanya kama alivyofanya Bwana Inokuma, ila kwa makusudi. Aliigeuza. Mume ndiye aliyekufa, ndiye anayemwambia mkewe asiwashe taa. Mke anawasha. Anatazama. Na huyu mwanamke wa Komoura, mwenye mikono iliyochubuka kwa chumvi, hakimbii." Akawaangalia wageni wa Matsue. "Anachofanya badala ya kukimbia siwaambii, kuna wageni humu."

Ukumbi ulisimama. Wazee wanawake walikuwa wakifuta macho kwa taulo za shingoni. Mkurugenzi Sugitani alikuwa akipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

Nami nilijiziba masikio kiheshima alipofika karibu na mwisho. Sijui kwa nini. Tumbo.

Jumamosi, 15 Agosti

Ameteuliwa Bi Orito. Mkurugenzi alinieleza kwa maneno mengi mazuri, na katikati ya maneno hayo akaniuliza swali moja fupi: filamu nimeitazama mara ngapi? Nikafungua kinywa kusema kumi. Ikatoka dakika kumi na moja. Akauliza mara kumi na moja? Nikasema hapana, dakika.

Akaenda dirishani akakaa huko kwa muda, mabega yakimtikisika.

Nilikuwa nimeanza kufunga vitabu vyangu kamba nilipoitwa na Mhifadhi Msaidizi. Mhifadhi Msaidizi! Alikuwa bado kwenye dirisha la tiketi, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuzikata. Akaniambia kwamba amemwomba Mkurugenzi nibaki miezi sita, kuandika orodha ya vitu vya ghalani; kwamba hajasikia mtu akikisimulia kile kisa cha mungu namna ile, hata baba yake aliacha kukoroma. Sharti ni moja tu. Leo saa moja jioni niketi mstari wa tatu, kati yake na Bi Toyo, nitazame *Kibanda cha Chumvi* mwanzo hadi mwisho, macho yakiwa wazi.

"Projekta ataiangalia nani?" nikauliza. Akasema Mkurugenzi, na kwamba amemzuia asiguse kitu ila swichi.

Nikaapa. Nikaapa kwa jina la chuo changu. Miezi sita! Meza ya dirishani imngoje mwingine!

Jumapili, 16 Agosti

Nimeitazama! Yote! Dakika tisini na nne! Macho wazi tangu jina la kwanza hadi la mwisho, mashahidi wawili, mmoja kila upande, na Bi Toyo alikuwa akinichungulia kila mlango ulipolia.

Ni kweli kwamba dakika ya kumi nilivua miwani ili kuifuta, na nikaendelea kuifuta kwa dakika themanini na nne zilizosalia. Sharti lilitaja macho. Miwani haikutajwa. Bila miwani sioni zaidi ya urefu wa mkono wangu. Skrini ilikuwa ukungu mweupe na ukungu mweusi vikiandamana kwa amani. Ukumbi ulipoguta, niliguta pia, nikichelewa kidogo. Ulipolia, nililia, na hapo sikujilazimisha, kwa sababu muziki ulikuwa mzuri sana. Mwishoni Bi Orito alinigeukia, mashavu yamelowa, akauliza: umeona? Nikamwambia nimeona. Akanishika mkono kwa nguvu. Bi Toyo akasema sasa nimekuwa mtu wa Komoura, akaniwekea ngisi wawili.

Mkataba umetiwa saini asubuhi ya leo.

Lakini sasa sikiliza, ewe shajara, maana nimegundua jambo kubwa! Katika ukungu ule wote, mume alikuwa ukungu uliosogea. Mke alikuwa ukungu uliosogea. Kitu kimoja tu kilisimama palepale, kikubwa, cheusi, bila kutikisika tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna mtu yeyote ukumbini aliyekitazama, kwa kuwa wote walishughulika na watu. Kibanda! Mume si maiti. Mke si maiti. *Kibanda* ndicho maiti! Fasihi yote inadai hivyo. Kuzimu si mtu, ni mahali!

Miaka arubaini na miwili, na hakuna aliyeliona. Nimemwandikia Mkurugenzi barua ya kurasa tisa kuomba mhadhara wa pili, Septemba, mbele ya umma. Nimeifunga kwa gundi na kuiweka chini ya godoro hadi kesho, Bi Orito asije akanitangulia. Kadi zangu za jina zimefika pia, hamsini. Sioni sababu ya kuzitupa.

Mkurugenzi akiuliza kama nimehakiki kwa kuitazama tena, nitamjibu kwamba nimeitazama mara kumi na mbili.